Mkono wa Kushoto wa Bina Chipego

Kila mtu wa Maramba, pale Livingstone, Zambia, anajua kwamba Bina Chipego aliibiwa dhahabu. Wanajua hata wale ambao hawajawahi kutumbukiza kidole kwenye bwawa la kuogelea. Mwenyewe ndiye aliyeitangaza habari hiyo zaidi ya wote. Ni mkuu wa dobi katika hoteli moja ya watalii, na ukimkuta anakunja shuka, wewe shika ncha ya pili tu. Atakusimulia, umeuliza hujauliza.

Ilikuwa Harare, miaka ishirini na saba iliyopita, kwenye michezo ya nchi za kusini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, hajamzaa Chipego wa kumfanya aitwe Bina, yaani mama, bado anaitwa Nchimunya. Mita mia moja za wanawake, mtindo wa chura. Akawa wa kwanza kugusa ukuta, akawaacha wasichana wa Afrika Kusini ambao kila mmoja alikuja na kocha wake na mkandaji wake. Hajavua hata miwani ya maji, mwamuzi aliyesimama juu ya njia yake akanyoosha mkono. Ameondolewa. Eti kagusa kwa mkono mmoja.

"Mkono mmoja!" husema Bina Chipego, akiikung'uta shuka mpaka ilie. "Mikono yangu mwenyewe nisiijue? Niliupiga ule ukuta kwa yote miwili, pa! Nausikia mpaka leo kwenye viganja."

Sheria yenyewe haina mjadala. Katika mtindo wa chura, ukifika ukutani, iwe unageuka au unamaliza, viganja viwili vinagusa kwa pamoja. Kimoja kikichelewa, hata kwa kufumba na kufumbua, umeogelea bure. Saa ya umeme iliyo ukutani haihesabu mikono. Anayehesabu ni mtu aliyesimama pale juu na nguo zake nyeupe.

Na mtu huyo, siku ile, hakuwa mgeni. Waamuzi walikuwa haba, kila nchi ikaleta wa kwake, na aliyeangukia njia ya nne alikuwa Lubinda, Bo Lubinda kwa heshima ya Kilozi, mwalimu wa hesabu wa hapo hapo Livingstone, mtu wa mtaa wa tatu kutoka kwao. Mlozi. Mtani!

Sisi Watonga na Walozi ni watani tangu zama zile babu zao walipokuwa wakija kuswaga ng'ombe zetu. Mtani wako unamwambia lolote. Unamvamia hata msibani, unalala mbele ya jeneza ukidai ng'ombe wako kwanza, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka. Hakuna kukasirika, hakuna kushtakiana, wala hakuna kuombana radhi, maana utauombea radhi mchezo? Mtani akikununia, huyo ana kasoro.

Basi Bina Chipego akaipata ruhusa yake. Miaka ishirini na saba hajakutana na Bo Lubinda asimpe la kumpa. Sokoni: "Shikeni mikoba, mwizi wa dhahabu anapita!" Kanisani, vikiwa vimesimama vikundi vya kwaya: "Msimpungie Bo Lubinda mikono miwili, huyu anaona mmoja." Siku mzee alipomzika mkewe, Bina Chipego alijigaragaza mlangoni akilia kwa sauti kwamba marehemu kakimbia aibu ya kuolewa na kipofu. Watu wakaangua kicheko, na Bo Lubinda naye akacheka, akafuta macho, akasema, "Mtoeni huyu mapengo hapa, ananuka mtindi." Bibi zetu waling'oa meno ya mbele kwa urembo, na Walozi hawajaacha kutucheka.

Lakini tusidanganyane. Utani una kipimo chake cha chumvi, na wa Bina Chipego ulizidi. Wenye akili walikuwa wakicheka huku wanaangalia pembeni, kwa sababu yule mama hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa anadai haki yake, na alikuwa na hakika nayo kuliko alivyokuwa na hakika na jina lake.

Hakika hiyo ndiyo iliyomfikisha alipofika. Livingstone mto upo, mkubwa kupita haja, ila mamba nao wapo, kwa hiyo watoto wetu hukua kando ya maji yote yale wasijue hata kuelea. Bina Chipego alimwendea meneja wa hoteli, akamwambia, hakumwomba, akamwambia: "Wageni wako wanaamka saa mbili. Bwawa lako kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja halina kazi. Mimi nina kazi nalo." Meneja alikuwa mgeni wa siku nne, akadhani ndiyo desturi ya mahali. Imekuwa miaka kumi na sita sasa. Watoto wa wapiga pasi, wa wapishi, wa walinzi, wote wamepita mikononi mwake, wakitetemeka na meno yakigongana.

"Ukuta ni mama mkwe wako!" huwapigia kelele akitembea kando ya bwawa na kandambili zake. "Hata ukifika umekufa kwa uchovu, mama mkwe hupewi ruhusa ya kumdharau. Msalimie kwa heshima!"

Na wakirudi kutoka mashindano ya shule wakilalamika kwamba wameonewa, alikuwa na dawa moja tu. "Mwamuzi aseme lake. Wewe iamini mikono yako. Mikono inajijua."

Kati ya wote hao, aliyekuja kuiva ni Luyando, binti wa mpiga pasi mmoja wa hotelini. Alianza akiwa na miaka minane, mbavu nje, macho makali. Alipofika kumi na tisa alikuwa na mabega ya kubeba gunia na kifua cha kulisukuma bwawa zima mbele yake. Mwaka huu michezo ya nchi za kusini ilipopangiwa Lusaka, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya taifa: mita mia moja, wanawake, mtindo wa chura. Tena kocha wake akaruhusiwa kuingia naye.

"Naenda kuichukua dhahabu yako, Bina Chipego," alisema siku ile orodha ilipotoka. Hakuwa anajisifu. Alisema kama mtu aliyetumwa dukani.

Livingstone ikakodi basi. Na kiti cha mbele, nani amekaa? Bo Lubinda, miaka sabini na moja, fimbo katikati ya magoti, koti la kanisani.

"Na wewe unakwenda wapi?" Bina Chipego akamuuliza akiwa bado kwenye ngazi.

"Kuangalia Watonga wanavyozama."

"Nyie mnaohama nyumba kila mwaka maji yakipanda, leo ndio mtafundisha watu habari za maji?"

"Sisi maji tunayapisha kwa adabu. Nyie mnayarukia kichura."

"Kaa upande wa dirisha, kipofu, angalau upigwe na upepo. Kuona hutaona kitu."

Basi zima likacheka. Mzee akacheka pia, akageuza uso dirishani.

Mchujo ulikuwa asubuhi ya siku ya pili. Luyando alikuwa njia ya tano. Bina Chipego akasimama pembeni mwa bwawa, mahali pa makocha, mita chache kutoka ukutani. Kipenga kikalia, wakaruka, na kwa mita sabini yule mama hakuona kosa lolote. Msichana alikuwa anakwenda vile vile walivyopanga, kuvuta, pumzi, teke, kunyooka. Mita kumi na tano za mwisho pumzi zikawa nzito. Mita tano. Akajitupa ukutani, povu likaruka, na mwamuzi wa njia ya tano, mama mmoja wa Botswana mwenye kofia nyeupe, akanyanyua mkono.

Akaufikisha kifuani. Akasita, akainama kuangalia maji, halafu akaushusha polepole.

Mwamuzi asiyekuwa na hakika anatakiwa kumwachia mwogeleaji, na huyo mama alifanya hivyo. Luyando akaingia fainali akiwa wa tatu kwa saa. Jukwaa la Livingstone likalipuka. Bina Chipego hakupiga hata kofi moja. Alikuwa ameona kitu na hakutaka kukiamini.

"Mkono wako wa kushoto," alimwambia msichana alipotoka majini. "Umechelewa."

"Haujachelewa."

"Luyando, mwamuzi alikuwa ananyanyua."

"Si akashusha? Nimegusa kwa miwili, Bina Chipego. Nausikia ukuta kwenye viganja vyote hivi." Akavinyoosha, vyekundu, vimekunjamana kwa maji. "Walitaka kunionea kama walivyokuonea wewe. Mikono yangu mwenyewe nisiijue?"

Maneno yale Bina Chipego aliyasikia kana kwamba yametoka kwake. Mtu mmoja wa basi alikuwa amerekodi kwa simu. Wakaangalia, wakarudia, povu tupu. Basi wakaenda kula.

Akina mama wa kanisa waliokuja na basi walikuwa wamepika nyuma ya uwanja, ugali na dagaa wa Kariba na mboga ya majani ya maboga. Mama mmoja mtu mzima akamnyooshea Luyando sahani. Na Luyando, binti aliyelelewa vizuri, akapiga goti kidogo, akanyoosha mkono wa kulia kupokea, na wa kushoto ukaenda wenyewe kushika kiwiko cha ule wa kulia, kama sisi sote tulivyofundishwa kumpokelea na kumsalimu mkubwa tangu hatujaota meno. Hakuufikiria. Nani anaufikiria?

Sahani ya Bina Chipego ikamponyoka, dagaa wakatawanyika chini.

Alikuwa ameona kitu kile kile asubuhi, ndani ya povu. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma kidogo, unakitafuta kiwiko. Msichana amechoka, akili imezima, mwili umebaki peke yake, na mwili unafanya unachokijua: unafika kwa mama mkwe na kumsalimu kwa heshima. Nani aliyemfundisha kwamba ukuta ni mama mkwe? Na yeye Nchimunya, ambaye bibi yake alikuwa akimchapa kwa ufito akisahau kushika kiwiko, alifika vipi kwenye ule ukuta wa Harare, akiwa hajiwezi, hajui hata yuko wapi?

Akaketi kwenye kreti la soda. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba alijiuliza, na swali lenyewe lilimtia hofu kuliko jibu. Maana fainali ilikuwa jioni, na Luyando hatafanya zoezi lolote la mikono wakati anaamini mikono yake haina kosa. Ataamini hivyo mpaka lini? Mpaka kocha wake amwambie vinginevyo. Na kocha wake atamwambia vipi, bila kuibomoa hadithi aliyoisimulia kwa kila shuka ya hoteli ile?

Akainuka, akamfuata Bo Lubinda alikokuwa anakula peke yake chini ya kivuli cha jukwaa.

"Bo Lubinda, nina swali. La kweli, si la utani."

"Mtonga akiacha utani ujue ng'ombe kafa. Uliza."

"Harare. Uliona nini?"

Mzee akaacha kutafuna. Akanawa vidole kwenye kopo, taratibu, akavikausha kwenye leso.

"Siku ile niliona mkono wa kushoto uko kwenye kiwiko," akasema. "Lakini leo ukiniambia niape, sitaapa."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza wewe? Mwaka wa kwanza nilikuwa na hakika. Wa pili nikasema, mbona huyu binti hayumbi? Mwongo huyumba, akasahau, akabadilisha kidogo. Wewe hukubadilisha hata neno. Wa tatu nikasema, labda lilikuwa povu. Basi nikaacha kazi ya uamuzi." Akajigonga goti kwa fimbo. "Niliwaambia watu ni magoti. Magoti yangu hayana kitu, hata leo nimetembea kutoka huko nyumba ya wageni mpaka hapa. Niliogopa. Mtu hawezi kusimama juu ya jasho la mwenzake na macho asiyoyaamini. Nilikuwa naipenda kazi ile, Bina Chipego. Naipenda kuliko hesabu."

Bina Chipego hakuwa na habari. Miaka yote ile alikuwa anamwona mzee anacheka, akadhani anacheka. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Bo Lubinda, nakuomba..."

"Ishia hapo hapo!" Mzee alinyanyua kiganja. "Usithubutu kuniomba radhi. Ukiniomba radhi, basi yote uliyonisema yalikuwa matusi. Na mimi nitakuwa mzee aliyetukanwa mbele ya watu miaka ishirini na saba, hata siku ya kumzika mke wangu, akakaa kimya. Mimi si mzee huyo. Mimi nilitaniwa. Niachie utani wangu."

Akarudi kwenye ugali wake. Bina Chipego akasimama pale, mikono inaning'inia. Radhi haitakiwi, na kunyamaza hawezi. Akavuta pumzi ndefu ya mtu anayetaka kupiga mbizi, akageukia watu wa basi waliokuwa wametapakaa na sahani zao, akatumia sauti yake ile ile ya sokoni.

"Jamani, watu wa Livingstone! Shikeni mikoba, mwizi wa dhahabu nimemwona!"

Watu wakacheka tayari, wakigeuka kumtazama Bo Lubinda.

"Msimwangalie yeye, niangalieni mimi! Mwizi ni mimi! Nchi nzima ya matope ile ya Walozi, vyura watupu, Mungu akawapa mtu mmoja mwenye macho, na mimi Mtonga mapengo nikamwita kipofu! Harare niligusa kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa kwenye kiwiko, nilikuwa namwamkia ukuta shikamoo! Mlozi huyu aliona. Aliona, jamani!"

Watu walikuwa wanasubiri mwisho wa mzaha, na mzaha haukuwa na mwisho. Bo Lubinda alikuwa ameinamia sahani, hali, hatafuni, mabega yake hayatikisiki.

Luyando ndiye aliyekuja, sahani bado mkononi. "Bina Chipego, unasema nini?"

"Umenisikia."

"Si ulisema unausikia kwenye viganja mpaka leo?"

"Nausikia hata sasa hivi. Viganja vinaniambia miwili. Vinadanganya, mwanangu. Vyangu vimenidanganya miaka ishirini na saba. Vyako vimeanza leo asubuhi, na nikikaa kimya vitakudanganya mpaka uzeeke."

"Kwa hiyo umetudanganya wote?" Sauti ilipanda, machozi yakaja kwa hasira. "Tangu nina miaka minane? Mimi naamka saa kumi kila siku ya Mungu nije kuchukua dhahabu yako uliyoibiwa, kumbe hukuibiwa?"

"Sikuibiwa."

"Sasa nimekuja kuchukua nini?"

"Yako," Bina Chipego akasema. "Ile haikuwa yangu, na huwezi kuichukua ya mtu ambaye hakuwa nayo. Chukua yako. Lakini mkono ule ukichelewa jioni hii, mwamuzi hatashusha mara ya pili. Utakaa miaka unakunja shuka na kuwasimulia watu. Mimi naijua kazi hiyo, haina likizo."

Msichana akamrudishia mama mtu mzima sahani yake, akachukua miwani.

"Bwawa la mazoezi liko wazi mpaka saa tisa," akasema, bado amenuna. "Twende."

Bina Chipego akamgeukia mzee. "Na wewe, inuka."

"Mimi? Nikafanye nini?"

"Kazi yako."

"Bina Chipego, nimekwambia macho yangu..."

"Macho yako nimeyasikia. Inuka, Mlozi, mwanangu anakungoja majini."

Kocha akatangulia, mzee akafuata na fimbo, na watu kadhaa wa basi wakasogea mpaka kwenye uzio, midomo wazi. Luyando akaogelea mita kumi kumi kuelekea ukutani, akiwa amechoshwa makusudi kwanza kwa mizunguko sita ya mbio. Bina Chipego alilala kifudifudi kwenye saruji na gauni lake la safari, jicho sawasawa na maji. Bo Lubinda akasimama juu, pale pale anaposimama mwamuzi.

Mara ya kwanza mkono wa mzee ulifika tumboni ukarudi.

"Umeona au hujaona?" Bina Chipego akauliza kutoka chini.

"Nadhani..."

"Sikukuuliza unadhani nini."

Mara ya pili ulifika begani. Mara ya tatu ulinyooka wote, juu, vidole vimefungwa, kama vitabu vinavyotaka, na mzee mwenyewe akautazama kana kwamba ameazimwa.

"Wa kushoto," alisema. "Kiganja kizima nyuma."

"Ndivyo," Bina Chipego akajibu. "Hata mimi nimeona. Luyando! Umesikia miwili?"

"Nimesikia miwili," msichana akasema, na safari hii alisema kwa woga.

"Haya. Usiiamini. Mwamini yeye."

Wakarudia. Kila mkono ulipopanda, Bina Chipego alithibitisha, na kila alipothibitisha, mkono uliofuata ulipanda haraka zaidi. Tatizo likabaki moja: heshima. Huwezi kumwambia mtu asahau adabu kwa saa tatu. Mara ya kumi na tisa kocha akaketi, akajifuta maji usoni.

"Sikiliza. Nilikufundisha vibaya. Ukuta si mama mkwe."

"Ni nani?"

"Ni mlango. Umefungwa, na nyuma yako kuna fisi. Utaubisha hodi kwa mkono mmoja ukishika kiwiko?"

Luyando akacheka bila kutaka. Mara ya ishirini alikuja akausukuma ule ukuta kama mtu anayetaka kuung'oa. Bo Lubinda aliinama, akatazama, mkono wake ukabaki pajani. Ya ishirini na moja, ukabaki. Ya ishirini na mbili ukapanda, wakaanza upya. Saa tisa walipofukuzwa na mlinzi, msichana alikuwa amegusa sawa mara kumi na moja mfululizo. Kumi na moja si nyingi, ukiweka na miaka kumi na tisa ya kushika kiwiko.

Fainali ikaitwa saa kumi na moja na nusu. Njia ya tatu, Luyando Mweemba, Zambia. Jukwaa lilijaa, na katikati yake watu wa Livingstone walikuwa kimya kuliko wote. Habari zilikuwa zimewafikia hata waliochelewa kula. Kila mmoja alikuwa anajua sasa kitakachomwangusha mtoto wao, na hakuna aliyekuwa anaangalia miguu.

Kipenga. Wakaruka.

Bina Chipego alikuwa mahali pake pa asubuhi. Kugeuka kulikuwa ukuta wa mbali, hakuona kitu. Alimwona tu mwamuzi wa kule amesimama wima, mikono chini, akashusha pumzi. Wakarudi. Msichana wa Afrika Kusini alikuwa mbele kwa urefu wa mwili, hakamatiki. Nyuma yake Luyando na Mnamibia mmoja, kichwa kwa kichwa. Mita ishirini. Pumzi za Luyando zikaanza kuwa nzito, zile zile za asubuhi, na Bina Chipego akauona mwili ule ukianza kubaki peke yake. Mita kumi.

Hapo ndipo alipogeuka, akalipa bwawa kisogo.

Ndiyo, yeye, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kukosa hakika hata mara moja. Hakuyaamini macho yake, kwa sababu alikuwa anatamani mno, na alishajua macho na viganja vya mtu anayetamani mno vinafanya nini. Akatafuta jukwaani uso mmoja tu. Bo Lubinda alikuwa amepanda juu ya benchi, fimbo imeanguka, mkono wa mtu umemshika kiunoni asianguke. Bina Chipego akasikia mgongoni mwake vishindo vya ukutani, kimoja, halafu viwili karibu pamoja, na umati mzima ukamngoja mwamuzi wa njia ya tatu.

Bo Lubinda hakumngoja.

"Miwili!" akapiga kelele. "Miwili, jamani! Kwa pamoja!"

Watu wakamgeukia. Mwamuzi bado ameinama juu ya maji, ubao wa matokeo bado mweusi.

"Nimeona mimi!" Sauti ya mzee ilikuwa imepasuka, machozi yanamwingia mdomoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kiganja wazi, mbele ya Lusaka nzima. "Nimeona kwa macho yangu haya! Naapa! Naapa mbele ya Mungu, naapa!"

Ubao ukawaka baadaye, ukaonyesha njia ya tatu nafasi ya pili, na watu wakaanza kukumbatiana na kupiga vigelegele na kumwita Luyando kwa jina la kila ukoo. Bina Chipego hakuusoma. Alikuwa ameketi kwenye saruji yenye maji, analia kwa sauti bila kumficha mtu, akimwangalia mzee juu ya benchi anavyoapa.